Bei ya Injini Iliyolala

Maluki alipiga gurudumu la nyuma teke moja, akasikiliza, halafu akalipiga la pili kana kwamba la kwanza halikumjibu vizuri. Alikuwa amevaa viatu vyeupe. Nduku, aliyesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, aliona vile mgeni aliangalia kiatu kwanza kabla ya kuangalia trakta.

"Mzee Nzau," Maluki alisema, "mimi sitakudanganya. Hii ni chuma."

"Trakta zote ni chuma," Nzau akamjibu.

"Hapana. Kuna trakta, na kuna chuma. Hii, watu wa Thika wataipima kwa kilo."

Ndanu, binti yao, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tangi la maji akifumua nywele zake. Alicheka kwa pua. Yeye ndiye aliyepiga trakta picha na kuiweka kwa simu ili watu waione, akaandika chini yake: bado iko na nguvu, si ya mchezo.

Ilikuwa trakta ndogo ya dizeli, ya zile zinazotoka Japani zikiwa zimeshatumika, na maandishi ubavuni ambayo hakuna mtu Ngoliba nzima angeweza kuyasoma. Rangi yake ilikuwa nyekundu zamani. Sasa ilikuwa rangi ya udongo uliomwagikiwa na chai. Maluki, ambaye kazi yake ilikuwa kununua kila kitu kilichozeeka, pampu, pikipiki, mashine za kukata nyasi, aliizunguka huku ameinua suruali kidogo kwa vidole viwili. Akagonga kioo cha saa ya injini.

"Hii ilikufa lini?"

"Ilikuja ikiwa imekufa."

"Umeona? Mgonjwa asiye na faili. Nitajuaje imefanya kazi miaka mingapi?"

"Niulize mimi."

"Wewe ndio unauza, mzee. Wewe nikuulize nini?" Akajifuta mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. "Laki moja na themanini. Na hiyo ni kwa sababu nimekuheshimu."

Nzau akashukuru, maana alikuwa mtu wa kushukuru, akasema atafikiria. Maluki akasema afikirie haraka, chuma hushuka bei. Alipoondoka, Nduku alirudi jikoni akakoroga ugali kwa hasira mpaka sufuria ikaruka kwenye mafiga.

Kilichomkasirisha hakikuwa Maluki. Pale senta ya Ngoliba, Nzioki alikuwa anauza kinu chake cha kusaga unga, kinu pamoja na injini yake na kibanda, kwa laki tatu na nusu, kwa sababu watoto wake walikuwa wamemwita Mombasa akapumzike. Alikuwa amempa Nduku nafasi ya kwanza mpaka Ijumaa jioni. Baada ya hapo kulikuwa na mtu wa Matuu na pesa mkononi. Nduku alikuwa amelima vibarua kwenye mananasi ya watu tangu Ndanu hajaota meno, na miiba ya mananasi ilikuwa imemwandika mikono yote mpaka kwenye viwiko. Nzau naye, daktari wa Thika alikuwa amemwambia wazi kwamba akikalia kiti cha ile trakta msimu mmoja zaidi, mgongo wake utabaki na umbo la kiti. Kwa hiyo trakta iuzwe, kinu kinunuliwe. Hesabu ilikuwa rahisi, ila hakuna aliyejua trakta ni pesa ngapi.

*

Jioni hiyo walijaribu kuijua bei.

Ndanu alitafuta kwenye simu, akapata trakta iliyofanana na yao inauzwa Eldoret kwa laki tisa.

"Hiyo ni mpya," Nduku akasema.

"Lakini rangi ni moja, mwaitu," Ndanu akamwambia mama yake.

"Hata mimi na wewe ni rangi moja. Kwani mimi nina miaka ishirini?"

Fundi aliyekuwa akiitengeneza alipigiwa simu, akasema laki nne, halafu akauliza kama anauziwa yeye. Alipoambiwa anaulizwa tu, akasema sita. Alipoambiwa basi anunue, akasema mbili na nusu na alipe baada ya mavuno. Mchungaji aliyepita kusalimia alisema thamani ya kitu iko kwa Mungu, akanywa chai, akaenda.

Nzau muda huo wote alikuwa anahesabu kwa vidole. Mwishowe akasema, "Saba."

"Saba umetoa wapi, Baba Ndanu?"

"Magurudumu ya mbele nilinunua mapya. Betri. Ile plau. Tulilima shamba la kanisa nayo. Ule mwaka wa mvua nyingi tuliivuta lori ya mchanga ikatoka kwa matope, watu wakapiga makofi."

"Makofi ni ngapi?"

"Ati nini?"

"Nauliza, makofi umeweka pesa ngapi kwa hiyo saba?" Nduku alisema hivyo bila ubaya. Akamsogezea kikombe. "Wewe unahesabu vile umeipenda. Hakuna mtu wa kulipa hiyo."

Simu ya Ndanu ikalia. Ilikuwa namba ngeni, sauti ya mwanamke. Alisema anaitwa Nelima, yuko Kimbo pale Ruiru, ameona picha. Aliuliza upana wa trakta. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza upana. Nzau akatoka na tochi akaipima kwa shubiri, akarudi na jibu.

"Kama ni hivyo, na kama injini ni nzuri vile mmeandika, mimi ninaweza kufika laki nne," ile sauti ilisema. "Kesho tunakuja na bwana yangu."

Ndanu alizima simu. Nduku alisimama akaosha vikombe vilivyokuwa safi.

*

Kwa Nzau, mgeni ni mgeni, hata akija kununua. Asubuhi hiyo alifagia kiwanja mwenyewe. Akaiosha trakta, akapangusa kiti kwa leso ya mke wake, akatoa kiota cha mavu chini ya bawa la gurudumu. Halafu akaiwasha. Akaiacha ingurume polepole mpaka sauti ikawa laini, ile sauti aliyoipenda, kama mtu anayetafuna karanga akiwa na raha. Mgeni hawezi kutoka Ruiru aje apewe uji baridi, na kwa Nzau hakukuwa na tofauti kati ya uji na injini. Aliposikia pikipiki inakata kona kwa jirani, akaizima trakta, akasimama kando yake na shati la Jumapili.

Nelima alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alikuja amevaa buti za shamba tayari. Mume wake Opiyo alikuwa mrefu, amebeba mwavuli kwa ajili ya jua. Walisalimia kila mtu kwa mkono, wakanywa maji. Ndipo Nelima akatoa mfukoni kamba yenye fundo, akainyoosha kutoka gurudumu moja hadi lingine. Ikafika, ikabaki nafasi ya vidole vinne.

"Hiyo kamba ni nini?" Ndanu akauliza.

"Geti," Nelima akasema. "Mimi nabeba mbolea ya kuku pale Kimbo na Kiuu. Watu wamejenga mpaka kwa ukuta wa jirani. Trakta kubwa haiingii. Tunabeba kwa magunia, mgongo unaisha. Nimepima geti zote, hili fundo ndio geti nyembamba zaidi." Akatabasamu mara ya kwanza. "Hii inaingia."

Akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiondoa. Akakirudisha, akakiacha hapo kidogo. Tabasamu likaondoka.

"Mzee. Hii imetoka shamba sasa hivi?"

"Hapana. Nimeiandaa tu."

"Umeiwasha."

"Nimeiwasha," Nzau akasema kwa furaha. "Iko tayari kabisa. Gusa tu ufunguo."

Nelima akamwangalia Opiyo. Opiyo akafunga mwavuli.

"Baba yangu alikuwa dereva wa trakta za miwa huko kwetu Bungoma," Nelima akasema polepole. "Injini ya dizeli ikiwa na joto, hata ile mbovu inawaka. Ubaya wake uko asubuhi ikiwa imelala. Yeye alikuwa akisema, mtu akikupashia injini joto, kuna asubuhi anaficha."

Ilichukua muda maneno hayo kumfikia Nzau. Yalipofika, alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama, mimi nimekaribisha wageni."

"Sijasema wewe ni mwizi, mzee."

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Hata mzee wa kanisa anaweza kuwa na trakta mbaya, yawa," Opiyo akasema, akitaka kutuliza, na akafanya mambo kuwa mabaya zaidi.

"Sasa mimi sijui ninanunua nini," Nelima akasema. "Lazima niweke pesa ya kufungua injini yote. Laki mbili. Ni hapo nafika."

Nzau hakuwahi kuitwa mwongo mbele ya mke wake hata siku moja, na sasa aliitwa kwa heshima, kwa sauti ya chini, baada ya kufagia kiwanja. Angesema waende tu. Nduku aliliona neno hilo likipanda shingoni mwake, akalitangulia.

"Basi ilale," akasema.

"Nini ilale?"

"Injini. Si mnataka iliyolala? Iacheni ilale, muiamshe nyinyi wenyewe. Kuku wako hapa, maji yako hapa. Mna haraka ya wapi?"

*

Wakangoja. Lakini Ngoliba mchana ni mahali ambapo hata jiwe la kivulini huungua matako. Saa sita Nelima aligusa boneti, ikawa moto. Saa nane akagusa, ikawa moto zaidi.

"Mayi wee! Hii inapashwa na nani sasa?"

"Jua," Nduku akasema. "Hilo huwezi kulaumu mzee wa kanisa."

Opiyo alijaribu kuipepea kwa kifuniko cha beseni. Nzau, ambaye alikuwa amekaa mbali na kila mtu akiangalia mbuzi, hakuvumilia. Akaja na gunia lililoloweshwa maji.

"Tuifunike, ipoe."

"Usiipasue ukaniuzia vipande!" Nelima akapiga kelele, na kabla hajajua, alikuwa amecheka. Nzau naye akacheka kidogo, bila kutaka. Akaweka gunia juu ya kichwa chake mwenyewe.

Jua lilipoanza kulegea, mambo yakawa wazi. Injini ingepoa kabisa usiku tu, na Opiyo alikuwa na zamu ya usiku kiwandani Ruiru.

"Twende, Nelima. Tutarudi siku nyingine."

"Siku nyingine atakuwa ameipasha tena."

"Haki ya Mungu sitaipasha," Nzau akasema.

Nelima akafikiria. Akamtazama Ndanu. "Kitanda chako ni kikubwa?"

"Unakoroma?" Ndanu akauliza.

"Kidogo."

"Hata mimi. Twende tu."

"Unaniacha kwa sababu ya trakta," Opiyo akasema.

"Uji uko kwa thermos. Nenda kazi, baba."

Opiyo hakuondoka kimya. Aliomba kitambulisho cha Nzau, akakipiga picha mbele na nyuma. Halafu akaomba Nzau asimame kando ya trakta ashike kitambulisho chini ya kidevu, ampige picha na sura. Nzau alisimama hivyo, kifua mbele, kama mshukiwa. Mbuzi mmoja aliingia kwenye picha. "Huyo pia ana kitambulisho?" Ndanu akauliza, na Opiyo akaona aibu, akampa Nzau mkono kwa mikono miwili.

Nelima alichukua ufunguo wa trakta akautia ndani ya blauzi. "Hapa," alimwambia Nzau, "hata wewe mzee wa kanisa huwezi kuingia."

Nduku alicheka mpaka akashika ukuta.

*

Chakula kilikuwa muthokoi na ndengu, na kuku aliyekuwa mzima wakati Opiyo anapanda pikipiki. Nelima alichota muthokoi kwa kijiko akaikagua.

"Haya ni mahindi mliyoyavua nguo."

"Kwenu mnayala yakiwa yamevaa?" Nduku akauliza.

"Kwetu tunayasaga kabisa, hakuna mtu anajua aliyekuwa nani."

Neno la kusaga likamgusa Nduku mahali. Akamwambia habari ya kinu, na mtu wa Matuu, na Ijumaa. Alisema kwa ufupi, hakulia lia. Nelima akasikiliza, akatingisha kichwa, akasema, "Mimi pia nina mwenye geti mmoja ameniambia nikileta trakta mwezi huu kazi ni yangu, nisipoleta anachukua mwingine." Kila mmoja alikuwa ameona mfuko wa mwenzake, na wote wakaona ni afadhali kuongezeana kuku.

Hapo ndipo Nzau alipoanza.

Kwake haikuwa biashara tena. Mtu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amekula paja la kuku wake, atalala chini ya bati lake. Mtu kama huyo huwezi kumwacha aondoke kesho na kitu ambacho kina kasoro asiyoijua. Angemwona kwenye ndoto.

"Mama," akasema, "gia ya pili inaruka."

Nduku akaacha kutafuna.

"Ukiwa unashuka mlima inaruka inatoka. Mimi huwa naishikilia na goti. Na ile mikono ya kuinulia plau, ukizima injini, inashuka yenyewe polepole. Mafuta yanavuja ndani. Asubuhi utaipata imelala chini."

"Baba Ndanu, ongeza mchuzi," Nduku akasema.

"Nimeshiba. Redieta nayo ilitoboka, tukaiziba Thika. Haijatoa maji tena, lakini imezibwa."

Nduku akaangusha kifuniko cha sufuria makusudi. Kelele ikajaa nyumba nzima. Nzau akangoja iishe, kwa adabu, halafu akaendelea.

"Na hiyo asubuhi unayosema. Hainifichi, na mimi sikufichi. Ikiwa baridi haiwaki mara ya kwanza. Mara ya pili italia tu. Itawaka ya tatu. Imekuwa hivyo tangu nibadilishe betri. Hata wakati wa baridi, ile ya mwezi wa saba, ni ya tatu."

"Kitu gani kingine?" Nelima akauliza. Alikuwa ameweka sahani chini.

Nzau akafikiria kwa bidii, kama mtoto anayeulizwa shuleni. "Kiti kinaumiza mgongo."

Ndanu aliinamisha uso kwenye magoti, mabega yakimtikisika. Nduku aliangalia dari. Alikuwa anaona kinu cha Nzioki kikitembea, kikipita kwenye mlango, kikielekea Matuu.

*

Asubuhi ya Ijumaa kulikuwa na umande kwenye boneti. Nelima aliugusa kwa kidole akauonja, Mungu anajua kwa nini. Mikono ya plau ilikuwa imeshuka imelala chini kabisa, kama alivyoambiwa.

Nzau aliamriwa asimame karibu na tangi la maji, asiguse. Aliweka mikono nyuma. Nduku alisimama kando yake na leso mdomoni.

"Ndani ya dashibodi kuna waya mdogo," Nzau akaita. "Ukizungusha ufunguo nyuma unapata joto. Funika na kiganja, utauona ukiwa mwekundu. Ukiwa mwekundu kama kaa, ndio uende mbele."

Nelima alikinga waya kwa kiganja, akangoja. Akazungusha ufunguo. Trakta ikakohoa, ikanyamaza.

"Moja," Ndanu akasema.

"Wewe nyamaza," Nduku akasema ndani ya leso. Alikuwa ameomba Mungu tangu kuamka kwamba leo, leo tu, iwake mara ya kwanza. Sasa akaomba ya pili.

Nelima akapasha tena. Akazungusha. Injini ikalia kama mbuzi aliyefungwa vibaya, ikazunguka, ikazunguka, ikakata tamaa. Nduku akajifunika uso mzima. Nzau hakujifunika. Alikuwa anachezesha vidole mgongoni, akihesabu na waya ambao hakuuona.

Mara ya tatu ikashika. Ilitikisika yote, ikatoa wingu la moshi mweupe lililowafukuza kuku mpaka nyuma ya choo, halafu moshi ukakonda, ukaisha, na sauti ikatulia.

Nelima alikuwa anacheka juu ya kile kiti kibaya. Alicheka kwa mdomo wazi, ameshika usukani kama mtu aliyeshika pembe za ng'ombe.

"Ya tatu!" akapiga kelele. "Mzee, umesema ya tatu!"

"Si nilikuambia?"

Akaiendesha kuzunguka boma. Kwenye mteremko wa kuelekea mbuzi gia ya pili ikaruka, naye akaikamata kwa goti, akapiga kelele tena kwa furaha, kana kwamba amekamata sungura na si gia. Aliporudi aliizima, akashuka, akajipangusa.

"Mama Ndanu," akasema, maana alikuwa ameshajua nani wa kuongea naye pesa. "Jana niliogopa. Nikakata pesa ya injini, pesa ya gia boksi, pesa ya vitu ambavyo sijui. Sasa mzee ameniambia vyote, na nimevikuta vile vile amesema. Injini sifungui. Ya gia na mikono, kuna fundi Ruiru, najua bei yake. Natoa hiyo tu kwa ile laki nne. Tatu na thelathini."

Moyo wa Nduku uliruka, ukatua pabaya. Ishirini. Imebaki elfu ishirini kufika kinu.

"Tatu na themanini," akasema.

"Kwa kiti kile?"

"Kiti utanunua kingine."

"Ndio maana ni tatu na thelathini."

Walizunguka hivyo, kila mmoja akiitaja trakta kwa sifa anazozitaka. Nelima hakusogea. Halafu, akiwa anapangusa matope kwenye buti ili aondoke, akamgeukia Nzau: "Na nikipata shida huko Kimbo nitakupigia simu, eh, mzee? Na siku moja mbili uje umfundishe dereva wangu hiyo mambo ya waya."

"Hakuna shida kabisa," Nzau akaanza.

"Iko shida," Nduku akasema.

Wote wakamwangalia.

"Mdomo wa huyu mzee si wa bure. Unataka akuelekeze kwa simu msimu mzima, aje Kimbo akae na dereva. Hiyo ni ishirini. Na nauli tano."

"Mama Ndanu! Jana si uliangusha kifuniko ili anyamaze?"

"Jana nilikuwa sijajua bei yake."

Nelima alimtazama, akamtazama Nzau aliyesimama pale na shati la Jumapili la jana, akaanza kucheka tena, akanyoosha mkono. Tatu na hamsini na tano.

*

Opiyo alitoka zamu akaenda benki na macho mekundu. Pesa ziliingia kwenye simu ya Nduku mara mbili, kwa sababu ya vile simu haikubali kubeba nyingi kwa pamoja, na baina ya ujumbe wa kwanza na wa pili hakuna aliyekaa chini. Nzau aliandika karatasi ya kuuziana, Ndanu akasahihisha, Nelima akatia kidole na saini vyote viwili kwa usalama.

Lori alilokodi Nelima lilikuwa linangoja barabarani. Nzau alisema ataipeleka trakta hadi hapo, ni karibu. Nelima akasema hapana, ni yake, ataipeleka mwenyewe. Akapanda, akamwaga klachi vibaya, trakta ikaruka mbele kama iliyofinywa.

"Klachi!" Nzau akapiga kelele. "Taratibu! Klachi!" Akaanza kukimbia nyuma yake na mgongo wake ule mbovu.

Nduku alimfikia kwenye lango akamkamata shati kwa nyuma. Mkono wa pili ulikuwa na simu sikioni.

"Nzioki? Ni Nduku. Ndiyo... Ngoja kidogo. Baba Ndanu, si yako!"

"Najua si yangu. Atavunja gia!"

"Avunje, ni yake. Nzioki, uko? Huyo mtu wa Matuu mwambie... Ati amefika? Ameketi hapo? Mpe chai. Mpe chai ya kumuaga. Nina pesa yote, hapa, kwa simu."

Trakta ilikuwa inafika kwenye mteremko. Nzau alivuta mbele, shati likanyooka. Walisikia gia ya pili ikiruka, sauti ile ya chuma kukosa chuma, halafu kimya kifupi, halafu ikarudi mahali pake, na injini ikashuka kilima ikinguruma sawasawa.

"Goti," Nzau akasema. "Ametumia goti."

"Ndiyo, Nzioki," Nduku alikuwa anasema. "Tuko njiani." Akamvuta mumewe kwa shati lile lile mpaka akageuka, na wakashika njia ya senta.